Kabla ya Kunenepesha Tairodi

Gari likishainuliwa inchi mbili na kuvishwa matairi ya inchi 33, ugonjwa wa kwanza huja mikononi. Uko Mombasa Road, mwendo umefika kilomita 80 kwa saa, tairi la mbele linagonga kiungo cha daraja, na ghafla usukani unatetemeka hivi kwamba hauachi mpaka upunguze mwendo karibu usimame. Jumatatu mwenye gari yuko Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, akiulizia tairodi nene, yaani kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja.

Mafundi wamegawanyika hapa. Kuna wanaosema vyuma vya kiwandani vilipimiwa matairi madogo, kwa hiyo vitolewe vyote, viwekwe vya nguvu. Wengine wanasema rudisha kila kiungo kilivyokuwa gari likiwa jipya, kisha uliache. Mimi nimepita kambi zote mbili na Land Cruiser ileile, toleo la 80 Series, na nimeondoka na msimamo: ukarabati utangulie, hata kama unene utakuja baadaye.

Wanaotaka unene wasipuuzwe, maana hoja yao nimeilipia. Kwenye 80 Series, tairodi inapita nyuma ya ekseli ya mbele. Ekseli ikishavuka jiwe, jiwe hilohilo linakutana na rodi nyembamba isiyo na kinga. Yangu ilipinda kwenye mawe ya upande wa Magadi, mbali na lami. Rodi ikipinda inafupika, na kwa kuwa iko nyuma ya ekseli, inavuta migongo ya matairi pamoja, hivyo nyuso zake zinaangalia nje, kila moja na njia yake. Tuliifungua, tukailaza juu ya mawe mawili chini ya chesisi, tukasimamisha jeki kati ya chesisi na ule mgongo wa rodi, uzito wa gari ukainyoosha. Ilichukua mchana mzima. Tulipanda kurudi Kiserian pole pole, matairi yakilalamika kila kona. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia rodi ya kiwandani inatosha, hatakusikiliza, na ana haki.

Tena tairi kubwa ni kama wenzo mrefu. Jiwe likilisukuma pembeni, mzigo unaofika kwenye rodi, kwenye draglinki (chuma kinachopeleka msukumo wa usukani gurudumuni) na kwenye boksi ya usukani unazidi ule ambao kiwanda kilikusudia.

Lakini mtetemo wa Mombasa Road hautokani na wembamba wa rodi. Rodi isiyopinda, barabarani, haina shida. Kinachocheza ni viungo: ncha za tairodi, beringi za kingpini (mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia), bushi za rodi ya panhadi (inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia), na boksi yenyewe. Kisha kuna kasta, yaani ule mlalo wa kingpini kuelekea nyuma unaofanya matairi yajinyooshe yenyewe baada ya kona. 80 Series hutoka kiwandani na kasta ya nyuzi 3 hivi. Ukiiinua inchi mbili, unapoteza takribani nyuzi 2, na zinazobaki hazitoshi kulituliza gari. Dawa yake ni bushi maalumu au bamba za kurekebisha kwenye mikono ya ekseli. Kwa magari ya springi za majani, ni kabari chini ya springi. Unene wa tairodi haurudishi hata nusu ya nyuzi. Dampa mpya, yaani kifyonza mtikiso cha usukani, nayo itanyamazisha mtetemo kwa miezi michache huku kilicholegea kikiendelea kulegea, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mwenye gari anaamini amepona na anaanza kubeba watoto.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari likiwa chini na injini inawaka, mtu mmoja anazungusha usukani kidogo kushoto na kulia bila kuacha, mwingine analala chini na tochi akitazama kila kiungo, tena akikigusa kwa kidole. Ncha nzuri inazunguka tu. Mbovu inaruka kabla ya rodi kusogea. Baada ya hapo inua tairi, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini. Kingpini za Land Cruiser zinapangwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba, hadi ziwe nzito kidogo kuzungusha, na uzito huo hupimwa kwa mizani ya springi kama ile ya kupimia samaki. Fundi anayekaza kwa kukisia tu, mwache. Vilevile mwangalie anayekimbilia skrubu ya boksi kuondoa ulegevu: ikikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mgumu katikati na haurudi wenyewe.

Sasa, tuseme umekarabati vyote na bado unaenda kwenye mawe. Unene unafaa? Kwangu, ndiyo, kwa rodi peke yake na kwa kujua kwamba nguvu haipotei, inahamia kwingine. Nilipoweka rodi nene nilifurahi msimu mzima. Kisha siku moja, nikipaka grisi, nikakuta nati mbili kati ya nne zinazoshika mkono wa usukani kwenye nako (kichwa cha ekseli kinachobeba gurudumu) zimelegea, na stadi moja, yaani bolti isiyo na kichwa, imekatika. Rodi nyembamba ingepinda na kunizuia pale pale porini, kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa. Stadi zikiisha zote, zinaisha wakati wowote, hata kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na tairi halina tena kinacholiongoza. Tangu hapo nati hizo nazikaza kwa spana ya kipimo kila baada ya safari.

Na hiyo rodi itengenezwe na nani? Kariobangi kuna mafundi wa kukereza wanaokata nyuzi za skrubu, za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, kwa usafi kabisa, ili uweze kurekebisha alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, bila kuifungua. Kazi yao naiamini. Nisiyoiamini ni ya kuvalisha paipu ya maji juu ya rodi ya zamani na kuichomelea. Paipu ile ina mshono, na chuma chake hakikukusudiwa mzigo huo. Mkono wa usukani uliofuliwa kiwandani usichomelewe wala kupashwa moto ili ukunjwe. Joto linabadili ugumu wa chuma na ufa haujitangazi.

Wapo wanaoangalia magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 ambayo gari linatafuta vituo 13 ndani ya saa 10 kwa njia fupi kuliko zote, na kutamani usukani wa haidroliki mtupu, usio na chuma kati ya mikono ya dereva na matairi. Kule ni sawa. Magari mengi ya namna hiyo hufikishwa porini yakiwa yamebebwa. Langu linanipeleka kazini Industrial Area siku tano kwa wiki, na paipu ya mafuta ya usukani ikipasuka Southern Bypass sitaki kubaki na usukani uliofungwa kwenye hewa.

Kwa hiyo gari langu leo lina tairodi nene kwenye ncha za kipimo cha kiwandani, kingpini mpya, stadi mpya, kasta iliyorekebishwa na dampa ileile ya zamani. Draglinki na rodi ya panhadi nimezipanga zilale sambamba, maana zikitofautiana gari hujikata kona lenyewe kila linapogonga tuta. Ile tairodi tuliyoinyoosha kwa jeki, yenye kovu bado, nimeifunga nyuma ya kiti pamoja na spliti pini sita, zile za kuzuia nati zisifunguke.