Mabua Mawili Tu, Siyo Ekari

Naandika haraka kabla ile voisi haijawafikia watu wachache ambao bado wananiheshimu.

Najua wengi mmeshaisikia. Dakika nne nzima jamaa anaongea huku anacheka, mara anapaliwa, mara anasema "subirini, subirini", halafu anaanza upya. Kwamba siku ya mtihani wangu wa udereva wa lori nimeingiza semi shambani kwa Mjerumani. Kwamba nimelaza ekari ya mahindi. Kwamba polisi walikuja na mbwa, na mtahini akatokea dirishani. Jana mama mkwe kanipigia simu, kwa ule upole wake, akaniuliza: "Mwanangu, nasikia udereva umeacha, umeshika kilimo huko?"

Basi tusahihishe. Polisi hawakuja. Mbwa alikuwepo, ila wa mkulima, na hakushuka kwenye trekta. Mtahini alishuka mlangoni, kwa ngazi, kama binadamu mwingine. Na mahindi niliyolaza ni mabua mawili. Mawili! Niliyahesabu, maana nilikuwa na muda wa kuyahesabu.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nimetoka wapi na hii leseni. Neno lenyewe ndilo lililoniponza. Ukiambiwa "kubadilisha leseni" unadhani ni kama kubadilisha pesa: unatoa ya kwenu, unapewa ya kwao, unahesabu, unaondoka. Siku ya kwanza dada wa ofisini alinifungulia orodha ya nchi ambazo madereva wake wanabadilishiwa bila mtihani. Namibia imo. Afrika Kusini imo. Kidole chake kikashuka mpaka chini, kikapanda, kikashuka tena kwa huruma. Yetu haimo. Maana yake, leseni ya kwetu inatambulika miezi 6 tangu uhamie Ujerumani, baada ya hapo ni karatasi ya kumbukumbu, na ukitaka ya kwao unafanya mitihani yote miwili, nadharia na vitendo. Masomo hawakulazimishi, lakini mtihani wa vitendo lazima uwe kwenye gari la shule ya udereva, mwalimu kakaa pembeni yako na pedali zake.

Miaka 11 nimevuta trela. Mwalimu ni mtoto wa juzi. Haya.

Nadharia unaweza kuifanya kwa Kijerumani au lugha nyingine 12. Kituruki kimo, Kikroeshia kimo, Kiarabu kimo, Kiswahili hakimo. Nikafanya kwa Kiingereza, nikapita mara ya pili, na hiyo mara ya kwanza tusiizungumzie. Macho nikapimwa, daktari akaniona, huduma ya kwanza nikakaa vipindi 9 nikimpulizia pumzi mwanasesere. Yote sawa. Ikabaki vitendo, na vitendo ni kwa Kijerumani tu. Nikakariri: rechts ni kulia, links ni kushoto, geradeaus ni moja kwa moja. Biegen Sie rechts ab, kata kulia. Nilikuwa nayasema mpaka bafuni.

Jumanne asubuhi. Nataka mjue kwamba nilianza vizuri, kwa sababu kwenye voisi hilo limerukwa kwa makusudi. Ukaguzi wa gari kabla ya safari, safi. Kufunga trela, safi: mpira wa upepo wa njano kwanza, mwekundu baadaye, na wakati wa kufungua unaanza mwekundu. Nilivyokuwa naeleza, mwalimu alitikisa kichwa kama baba kwenye mahafali. Kurudi nyuma kwa kona ya kushoto, mara moja tu, bila kusahihisha. Mtahini yuko kiti cha nyuma na tableti yake, anagusagusa, haongei. Alichosema mwanzoni ni kwamba asiposema kitu, niende moja kwa moja. Nikaenda. Mjini nikapita, njia za baiskeli nikaziheshimu, kwenye njia panda zisizo na kibao nikawapisha wa kulia kama wanavyotaka. Nikaanza hata kupanga picha ya leseni nitakayowarushia hapa, kidole gumba kimeziba namba.

Zikabaki kama dakika kumi.

Tumetoka nje ya mji. Hii ni Niedersachsen, jimbo tambarare kama meza, barabara ya vijijini, nyembamba, mahindi kushoto, mahindi kulia, marefu kuliko mtu. Kwenye barabara ya namna hiyo, lori la zaidi ya tani 7.5 mwisho wake ni kilomita 60 kwa saa. Gari dogo linaruhusiwa 100. Kwa hiyo nilipotupa jicho kwenye kioo nikaona nimebeba harusi. Kigari cheupe mbele yao, mama kashika usukani kwa mikono miwili, na nyuma yake msururu mpaka kwenye upeo wa macho.

Sasa, madereva wenzangu wa masafa, semeni ukweli. Una foleni nyuma, wewe uko juu unaona mbele kweupe, hakuna hata kuku. Unafanya nini? (Nyie wa magari madogo, sikilizeni mjifunze.) Unawasha indiketa ya pembeni. Unamwambia wa nyuma: mbele kweupe ndugu yangu, pita. Ukiona kuna gari linakuja, unawasha ya upande wa katikati: tulia kwanza, utakufa. Haimo kwenye kitabu chochote. Ni uungwana wa barabarani tu.

Kwa wanaoendesha kushoto, pembeni ni kushoto. Hapa wanaendesha kulia, kwa hiyo pembeni ni kulia. Hesabu hiyo niliifanya kichwani, kwa utulivu, huku nikijipongeza. Nimekuja kubadilisha leseni, nimebadilisha mpaka uungwana.

Nikawasha ya kulia.

Tik-tok. Tik-tok.

Yule mama hakupita. Akapunguza mwendo. Nikasema huyu hajanielewa. Nikaizima, nikaiwasha tena, kama mtu anayerudia shikamoo kwa mzee asiyesikia vizuri.

Tik-tok. Tik-tok.

Mwalimu akanigeukia polepole. Nyuma nikasikia ile tableti inatulia. Halafu mtahini akasema: "Biegen Sie rechts ab."

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi yangu ilipo. Kijerumani kina ugonjwa uleule wa Kiswahili. "Unakata kulia" na "unakata kulia?" ni maneno yaleyale, kilichobadilika ni mkia wa sauti tu. Kwao ni mbaya zaidi, maana Biegen Sie rechts ab ikishuka ni amri, ikipanda ni swali. Na mtahini wangu ni mtu ambaye sauti yake haipandi wala haishuki, tambarare kama jimbo lenyewe. Aliona nimewasha indiketa mahali pasipo na kona, akaniuliza kama nakata kulia. Mimi nilisikia: kata kulia.

Nikaangalia mbele. Na Mungu ni shahidi, kulia kulikuwa na njia! Kama isingekuwepo leo ningekuwa na leseni. Njia ya lami, upana wa kitanda cha watu wawili, inazama katikati ya mahindi. Mdomoni mwake kuna kibao cha duara, cheupe, ukingo mwekundu: chombo chochote kisiingie. Chini yake kibao kidogo, kwamba shughuli za kilimo ruksa. Nilikiona. Nilikijua, kilikuwa kwenye maswali ya nadharia na nilikipata mara zote mbili. Lakini kichwani nikasema, mtahini kasema, mimi ni nani?

Nikajibu "Jawohl", yaani ndiyo, kwa sauti ya askari.

Nikapunguza. Nikafungua kona, nikasogea kushoto kuipa trela nafasi, nikaanza kukunja. Jamani, ilikuwa kona nzuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi. Mita 16 na ushei, njia ya kitanda, na kichwa cha lori kiliingia katikati kabisa. Majani yakaanza kufagia kioo cha kulia, shwaaa, shwaaa, shwaaa. Nikasikia kitu kinavunjika chini, ko. Kisha kingine, ko. (Hayo ndiyo mabua. Mawili. Andikeni mahali.)

Na hapo breki ikashika. Sikuigusa mimi. Niliiona pedali yangu inazama yenyewe, kama kuna jini, na nikajua. Kwenye gari la shule, mguu wa mwalimu ukiingilia, mtihani umekwisha, hata kama mliobaki mnaendelea kupumua.

Kimya.

Pigeni picha. Kichwa kiko kwenye mahindi. Trela iko barabarani, imelala mshazari, imeziba pande zote mbili. Mwalimu kafumba macho. Harusi yangu yote imesimama, na mama wa kigari cheupe sasa kaanza kupiga honi. Na katika ukimya ule kuna sauti moja tu ndani ya gari.

Tik-tok. Tik-tok.

Indiketa bado inawaka. Bado inamwambia yule mama apite. Apite wapi?

Mbele, mahindi yakafunguka, likatokea trekta. Kijani, kubwa, juu mzee wa kofia na mbwa pembeni yake. Likaja likasimama hatua chache kutoka kwenye pua yetu. Mzee akazima injini. Akasoma lile bango la shule ya udereva juu ya kichwa cha gari, herufi kwa herufi, hana haraka. Akashuka, akaja upande wangu, akasimama chini ya dirisha, akaniuliza kama natafuta kitu.

Kijerumani chote kilishanikimbia. Neno lililobaki kichwani lilikuwa moja tu, nikamjibu nalo.

"Rechts."

Mzee akageuka kulia, akaangalia. Mahindi. Akanigeukia tena.

Ndipo mtahini akafungua mdomo, sauti ileile, haipandi haishuki: "Das war eine Frage." Lile lilikuwa swali.

Yaliyofuata sitayapa nafasi. Mwalimu akakaa kwenye usukani, mzee wa trekta akasimama barabarani kuzuia magari kwa kofia yake, mtahini akasimama majanini na tableti kifuani, gari likarudi nyuma, tukaondoka. Nilimwomba mzee radhi kwa mabua, nikataka kumlipa, akacheka, akasema hayo ni ya ng'ombe na hawatagundua. Nimefeli kwa mambo mawili: indiketa isiyo na sababu, na kuingia kwenye njia iliyokatazwa. Uungwana haukuandikwa popote.

Sasa huyu ndugu yetu wa voisi. Yeye ndiye aliyekuwa anafuata kwenye mtihani siku ile, gari lilelile, mtahini yuleyule. Alikuwa anatusubiri kwenye uwanja wa shule. Gari likachelewa, halafu likaja, na akaona kwamba anayeendesha ni mwalimu na mimi niko kiti cha abiria, nimeshika mikono mapajani kama utingo wa siku ya kwanza. Hakuuliza kitu. Akazunguka upande wa kulia, akakuta jani la hindi limenasa kwenye kioo, refu, bichi kabisa. Akalichomoa. Akaliangalia, akaniangalia. Akalikunja, akalitia mfukoni kama kielelezo cha mahakama.

Akaenda kufanya mtihani wake akapita. Jioni picha ya kundi la madereva ilikuwa ni lile jani.

Ndiyo asili ya hili jina la Bwana Shamba mnaloniita. Wenye mbolea, nawaona. Aliyeniuliza bei ya gunia, nimekuona pia. Na wewe unayeandika "hahaha" kabla hujamaliza kusoma, siku yako ya mtihani nitakuja kusimama barabarani na kofia.

Huyo wa voisi kaniambia kaka, samahani, ile voisi ilinitoka tu. Dakika nne zilikutoka tu?

Kazini mkubwa wangu hakusema neno. Alinipa tena ile fulana ya ghala. Kwa hiyo dereva wa miaka 11 nipo napanga paleti, nawafungia wenzangu milango ya trela, nawagongea bodi mbili waondoke. Na hata nikipita bado kuna saa 140 za mafunzo na mtihani mwingine wa kupata kadi ya dereva wa kazi, ile yenye namba 95, bila hiyo hubebi mzigo wa mtu kwa mshahara. Lakini hilo ni la mbele.

Kwa kawaida unasubiri wiki mbili ndipo unarudia. Nimeshapewa siku, ni Jumatano. Mwalimu kabandika karatasi ya rangi kwenye mkono wa indiketa, imeandikwa kwa kalamu nene: WOHIN? Yaani, wapi? Kila nikiigusa lazima nimjibu kwa sauti naenda wapi, kama mtoto anayeomba ruhusa.

Nimemuuliza kama safari hii tutapita barabara nyingine. Kasema hapana, ni ileile.

Nikamuuliza kama mahindi yameshavunwa.

Bado.