Idara za Kislavi, mashairi ya Kiyidi na ukoloni uliobaki

Tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022, idara za masomo ya Kislavi (Kirusi, Kipolandi, Kiukraine na lugha ndugu) huku Marekani hazina wimbo mwingine ila kuondoa ukoloni, yaani kuacha kuiweka Urusi kitovuni. ASEEES, chama kikuu cha wataalamu wa fani hii, kiliufanya kuwa mada ya mkutano wake wa 2023. Sisi wa Afrika Mashariki tunausikiliza mjadala huu tukiikumbuka Nairobi ya Oktoba 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakuomba kuongezewe kitabu kimoja cha Mwafrika kwenye orodha. Walitaka kitovu kihame. Huku, kwa sehemu kubwa, ni kuongeza kitabu.

Anayetaka kupima aangalie Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Peretz Markish alizaliwa Polonne na Dovid Hofshteyn Korostyshiv, miji iliyoko Ukraine ya leo. Moyshe Kulbak alitoka Smorgon, Belarus. Kulbak alipigwa risasi 1937, wale wawili 12 Agosti 1952, wote kwa amri ya dola ya Stalin. Bado utawakuta wameandikwa "washairi wa Urusi". (Na sisi tusijisifu: kwetu aliyesomea Kyiv au Kharkiv enzi za Usovieti, mtaani alisomea Urusi, basi.)

Mfasiri aliyelelewa kwa Kirusi peke yake hunaswa mapema. Chukua neno la Kiyidi blote. Atalifananisha na boloto la Kirusi na kuandika "kinamasi". Lakini umbo lake ni la upande wa Kipolandi, błoto, na kwanza ni matope ya kawaida, yale ya njiani baada ya mvua. Shairi la soko la kijijini likahamia bwawani! Ndiyo maana kila neno lenye asili ya Kislavi lilinganishwe na Kipolandi, Kiukraine na Kibelarusi kabla ya Kirusi.

Mwandiko nao una mitego yake. Kiyidi hutumia herufi za Kiebrania. Maneno yenye asili ya Kiebrania hubaki na tahajia yao ya kale, mengi bila irabu. Mengine huandikwa yanavyotamkwa. Usovieti ulifuta tofauti hiyo, kila kitu kikaandikwa kinavyotamkwa, baadaye yakaondolewa hata maumbo maalumu ya herufi tano zikiwa mwisho wa neno. Kwa hiyo khaver, yaani rafiki au komredi, lina herufi 3 katika kitabu cha Warsaw na 6 katika cha Kyiv, na herufi ya kwanza si ileile. Ukilitafuta kwa tahajia moja kwenye vitabu vilivyoskaniwa, vya upande wa pili hutavipata, nawe utadhani mshairi hakulitumia.

Kwenye vina ndiko wengi wanakoteleza. Matamshi sanifu ya YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyidi iliyoanzishwa Vilnius 1925 na kuhamia New York 1940, yako karibu na lahaja ya Lituanya. Mshairi wa Ukraine hutamka zun, jua, kama zin, na papo hapo amepata kina na bin, nyuki. Anayesoma kwa sanifu ataona kina kibovu, kisha ataandika kwenye utangulizi kwamba mshairi alivikataa vina. Msomaji wa Muyaka ameshaelewa: geuza mato ya Kimvita yawe macho, na ubeti wa kina cha -to umekwisha.

Huku zana zipo. Yiddish Book Center ya Amherst imeweka maelfu ya vitabu mtandaoni bure, na kozi ya Kiyidi huanza na alfabeti. Wanaokosekana ni watu: wengi wa wasemaji waliobaki ni Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, ambao mashairi ya kidunia hawayataki. Kwetu wasemaji tele, lakini miswada mingi ya tenzi iko chuo cha SOAS, London, na mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya fasihi ya Kiswahili bila kujua kuisoma kwa herufi za Kiarabu. Hapo wametushinda, tukubali.

Ila nao wanajidanganya. Debora Vogel, mshairi wa Kiyidi, alizaliwa Burshtyn, akaishi Lwów ya Poland, leo Lviv, na kuuawa katika geto la humo 1942. Alilelewa kwa Kipolandi; Kiyidi alijifunza ukubwani. Kumhamisha toka rafu ya Poland hadi ya Ukraine bila kuajiri mwalimu wa Kiyidi ni kubadili bendera tu. Na majina ya miji: ndani ya shairi acha Lemberik, jina la Kiyidi la mji huo; kwenye maelezo weka Lviv. Kyiv ina utata zaidi, kwa sababu Kiyidi chenyewe husema Kiev, kama Kirusi. Kulisahihisha shairi la 1921 ni kumlisha marehemu maneno.

Tangazo la kazi lisemalo "Kirusi lazima, lugha nyingine ni nyongeza" lina uzito kuliko mikutano yote hiyo.

Kwa Kiswahili kazi hii inawezekana, na mahali pengine tuna nafasi kuliko Waingereza. Kiyidi hutenga bukh, kitabu chochote, na seyfer, kitabu cha dini. Sisi tuna kitabu na msahafu, ingawa msahafu utumike kwa kiasi, maana humpeleka msomaji kwenye Kurani. Kenya na Tanzania hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo, hivyo washairi hawa wako huru zamani. Tusipitie Kiingereza, tusije tukarudia mtindo wa Kisovieti wa podstrochnik, ambapo mjuzi hutoa maana neno kwa neno na mshairi asiyejua lugha anaipamba. Anayeanza ashike Hofshteyn, mashairi mafupi ya mwanzoni. Utenzi wa Markish wa 1921 juu ya mauaji ya Wayahudi wa Horodyshche, Ukraine, ungoje: umejaa maneno ya sala yaliyogeuzwa kufuru, na asiyeijua sala hataiona kufuru.