Papa wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa karani bandarini Dar es Salaam, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: vitu vya bei poa. Nazungumzia mwishoni mwa mwaka 1979. Vita vya Kagera vimekwisha, madukani rafu tupu, sabuni ukiipata unaificha chini ya kitanda. Siku zile ukikuta watu watatu wamesimama mstari, unajiunga kwanza, halafu ndipo unauliza kinauzwa nini. Mjomba aliwahi kupanga foleni saa nzima Mtaa wa Uhuru, alipofika mbele akakuta ni watu wanasubiri kusaini rambirambi. Alisaini.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nakaa kwake Ilala nikisubiri kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga pasi bugaluu yangu, suruali pana miguuni, na kuking'arisha kiatu changu cha raizoni. Na wiki hiyo nilipiga pasi kuliko kawaida, kwa sababu mke wa Mjomba, Mama Tatu, alitembelewa na mdogo wake kutoka Tanga. Jina lake Zuhura. Sitasema mengi, ila alipokuwa akiniamkia, sauti ile ya Tanga ilinifanya nisahau kuitikia.

Mjomba akatangaza: Jumamosi usiku tunaenda Drive-In.

Kwa vijana wa leo: Drive-In ilikuwa Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Kiwanja kikubwa, ukuta mweupe mbele, magari yanapangwa kama yanasali. Kila nafasi ina mlingoti wenye spika. Unaichukua spika unaitundika kwenye kioo cha mlango, unatazama picha umekaa kwenye kiti chako. Ilifunguliwa mwaka 1966, na siku zake za enzi Jumapili ndiyo ilikuwa yenyewe, familia na mikeka na vikapu vya kachori. Lakini kwa shida ya mafuta serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Basi mwenye gari starehe yake yote ilikuwa lazima iishe Jumamosi.

Jumamosi hiyo Mjomba alitoka kazini mchana, akapitia Magogoni. Alirudi na Peugeot 404 yake inanuka kabla haijakata kona.

"Mama Tatu! Njoo uone mali!"

Kwenye buti alilala papa mkavu, mzima, kuanzia pua hadi mkia. Mabaharia wa jahazi walikuwa wanauza haraka haraka, na Mjomba akawapata kwa bei ambayo hata yeye aliona aibu kuitaja. Tatizo tuliliona wenyewe: papa alikuwa amepigwa mvua ya vuli njiani. Ukavu wake ulikuwa wa upande mmoja.

Mama Tatu alimtazama papa, akamtazama mumewe. "Alikuwa mezani, au anatembezwa?"

"Walikuwa wanatembeza."

"Chema chajiuza," alisema, akarudi ndani. Nusu ya pili ya methali hakuisema.

Papa akaachwa ndani ya buti, kwa sababu Mama Tatu alikataa asiingie jikoni kwake usiku huo. Hilo lingekuwa jambo dogo tu, kama Mjomba asingekuwa Mjomba. Pale getini kiingilio kilihesabiwa kwa kichwa. Tulipovuka Daraja la Selander, akaegesha gari pembeni, akanigeukia kwa upole wa mashaka.

"Mjomba, wewe mwembamba."

Nikaelewa. Nilimtazama Zuhura nikitumaini atanitetea. Akaziba mdomo kwa kanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au harufu imeshamfikia.

Niliingia kwenye buti na bugaluu yangu. Hapakuwa na nafasi ya sisi wawili kulala ubavu kwa ubavu, ikabidi papa anilalie kifuani. Ngozi ya papa, kwa asiyejua, inakwaruza kama msasa. Kila gari lilipopita kwenye shimo, alinipiga kidevuni kwa pua yake. Mjomba akafunga buti, giza likaingia, na harufu ikapata mtu wa kuongea naye.

Tukafika getini. Nikasikia kila kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Watu wazima watatu."

Kimya. Halafu pua ikavuta pumzi, hivi kwa mbali.

"Mzee, buti lako lina nini?"

"Tairi la akiba."

"Tairi linanuka hivi? Limetoka Mafia?"

Mjomba akacheka kicheko kile cha kumcheka bosi. "Ni papa, bwana. Kitoweo cha nyumbani tu."

Ningekuwa mimi getini, ningesema pita, nenda zako na harufu yako. Lakini kumbuka mwaka ule ulikuwaje. Nikasikia sauti ya yule kijana inabadilika, inakuwa ya mtu anayeomba:

"Papa! Mzee wangu, mke wangu mjamzito, wiki nzima analilia papa. Nimezunguka soko la Kariakoo, juu mpaka shimoni, sikupata. Nikatie kipande, nakulipa hapa hapa."

"Nitakuletea kesho."

"Kesho Jumapili, mzee. Saa nane magari marufuku. Utamleta mgongoni?"

"Buti lenyewe limegoma."

"Ninalo bisibisi."

Nyuma yetu honi zikaanza. Milango ikafunguliwa, watu wakashuka kuja kugomba, wakasikia neno papa, hasira zikaisha. Nikasikia mwanaume mmoja: "Na mimi kilo moja." Mwanamke: "Kuna cha mkia?" Mwingine kwa mbali: "Hii foleni ya nini?" na mwenzake akamjibu, "Sijui, kaa."

Mjomba alijaribu kusema ametupa ufunguo. Mama Tatu, ambaye tangu asubuhi alikuwa na lake moyoni, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika Oysterbay: "Si huo hapo mkononi mwako, Baba Tatu?"

Buti likafunguka.

Taa za gari la nyuma zilinimulika usoni. Nilikuwa nimemkumbatia papa kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kumzuia asinipige. Mbele yangu foleni nzima ya wananchi, wengine pesa mkononi. Hakuna aliyesema neno. Nikaona adabu inataka nifanye kitu.

"Shikamooni," nikasema.

Mzee mmoja mwisho wa foleni, miwani mizito, akanyoosha shingo: "Na huyo wa chini mwenye bugaluu, kilo ngapi?"

Kicheko kilichofuata, nadhani watu wa Masaki walidhani picha imeanza. Yule kijana wa geti peke yake hakucheka. Alinihesabu. "Wanne," akamwambia Mjomba, kwa heshima kabisa. Nilipotaka kutoka, pindo la bugaluu likawa limenasa kwenye meno ya papa. Nilivuta mguu, nikasikia krrr, na upande wa kushoto ukapasuka mpaka gotini. Nikasimama pale getini nusu bugaluu, nusu sketi.

Mtu wa kantini akaleta kisu. Mjomba alikunja mikono ya shati, akakata papa juu ya buti kama mtu aliyezaliwa sokoni. Alimkatia yule kijana kipande kinono, akalipwa, na pesa ile ile akamrudishia kuwa tiketi yangu. Wengine walilipa bei nyingine kabisa. Vipande vilipokwisha kwa wateja, bado kilibaki kichwa na bega, na Mjomba alikuwa amerudisha pesa yake ya Magogoni na faida juu. Alifurahi kiasi kwamba alisahau kunisikitikia.

Ndani, Mama Tatu akatoa uamuzi: kwenye gari siingii. Zuhura akapandisha kioo taratibu, akaacha upenyo wa waya wa spika tu. Nikaenda mbele wanakotandika mikeka watoto, nikakaa peke yangu, maana watoto nao walihamisha mikeka. Lilikuwa picha la Kihindi, la urefu wa saa tatu. Stelingi alitenganishwa na mama yake utotoni, wakakutana hekaluni mvua ikinyesha, kila mtu analia. Mimi nilizungukwa na paka. Sijui walitoka wapi, Msasani nzima nadhani. Mmoja alikaa kwenye paja lililopasuka, akatazama picha mpaka mwisho.

Safari ya kurudi Ilala nilikuwa na tiketi halali mfukoni, na nilirudi ndani ya buti vile vile. Amri ya Mama Tatu.

Kuoga nikaoga. Sabuni ndani ya nyumba kilikuwa kipande cha ukubwa wa kidole, na Mama Tatu aliniambia hicho ni cha mgeni. Nikapewa majani ya mpapai. Nilifua kwa majani ya mpapai, nikajisugua kwa majani ya mpapai, nikawa nanuka papa aliyelala kwenye saladi. Zuhura aliondoka kwenda Tanga akanipa mkono wa kwaheri kwa ncha za vidole, kanga iko puani.

Barua ya JKT ikaja. Nikaripoti Ruvu na shati lile lile, maana ndilo zuri nililokuwa nalo. Tukapangwa mstari, afande akapita akiuliza kila mtu elimu yake, ufundi wake, michezo yake. Alipofika kwangu alisimama. Akasogea. Akavuta pumzi puani, akarudi nyuma hatua moja, akafungua daftari, na bila kuniuliza swali hata moja akaandika: jikoni.