Tazi si mjinga, mnampima kwa kazi isiyo yake

Ile orodha ya mbwa wenye akili na mbwa wajinga imeanza tena kuzunguka kwenye magrupu, na kama kawaida mkiani kabisa yupo mbwa wa Afghanistan, tazi kwa jina la nyumbani kwao. Chini ya picha watu wanaandika yaleyale: uzuri tu, kichwani hamna kitu. Inaniudhi kwa sababu hakuna anayeuliza orodha hiyo ilipima nini. Na inaniuma zaidi kwa sababu wapo wanaomnunua mbwa huyu kwa ajili ya nywele zake, kisha wanamchapa eti haelewi.

Orodha yenyewe ilitoka mwaka 1994, katika kitabu cha Stanley Coren, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Aliwauliza waamuzi wa mashindano ya utii wa Marekani na Canada. Kazi ya waamuzi hao ni kuangalia jambo moja: mbwa ameambiwa akae, amekaa au hajakaa? Mbwa wa kundi la mwisho walihitaji marudio 80 hadi 100 au zaidi kabla ya kuishika amri mpya, na walitii amri ya kwanza chini ya mara moja katika nne. Sawa. Lakini Coren huyohuyo aliigawa akili ya mbwa mafungu matatu: ya kazi aliyozaliwa nayo, ya kutatua tatizo peke yake, na ya kupokea amri za binadamu. Orodha inahusu fungu la tatu tu. Yale mawili mengine wasambazaji wameyaacha njiani, na ndiyo hasa tazi aliyofugiwa.

Fikirini kazi yake. Mwindaji yuko juu ya farasi, nyuma sana, kwenye mteremko wa mawe. Sungura anachomoka. Tazi anamwona kwa macho, hamfuati kwa harufu, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa anakata zaidi ya mita 16 kila sekunde. Sungura anapinda kushoto ghafla. Nani ampe mbwa amri hapo? Kabla mdomo wa mtu haujafunguka, mbwa anatakiwa awe ameshaamua: apinde naye, amkatie njia, amwachie mwenzake, au aruke lile jiwe. Mbwa wa kuchungia kondoo anasubiri mluzi na anasifiwa kwa kusubiri. Tazi akigeuka nyuma kumuuliza bwana wake, mlo umekwenda. Kwa karne nyingi watu wa milima ile waliwazalisha waliorudi na windo. Hao hawakuwa wale wanaotazama uso wa mtu.

Mtazameni mwilini mtaiona kazi hiyo. Mifupa ya nyonga imechomoza, ipo juu na imeachana, ndiyo maana anageuka papo hapo na kuruka kutoka alipo. Nyayo ni kubwa, zimefunikwa nywele hadi chini, kinga ya mawe na baridi. Hata jicho: mbwa wenye pua ndefu wana seli nyingi za kuonea zilizopangika mlalo nyuma ya jicho, kwa hiyo kitu kinachokimbia upeoni hakiwapotei. Mbwa aliyeumbwa hivi kumwita mjinga kwa kuwa hakai chini mara ya tatu ukimwambia ni kumwonea.

Nakubali, kwa shingo upande: ukimwita hatarudi. Akiwa ameona kitu kinakimbia, hata mbwa aliyefunzwa vizuri hatarudi, na barabara haitamsubiri. Kwa hiyo hafunguliwi kamba mahali pasipo na uzio. Uzio uwe wa mita 1.8 kwenda juu, na geti lijifunge lenyewe, kwa sababu hasara nyingi hutokea pale mgeni anapoliacha wazi. Mkanda wa shingoni uwe mpana, kama sentimita 4 au 5, wa aina inayojibana kidogo anapovuta. Kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, mkanda wa kawaida anauvua kwa kurudi nyuma hatua mbili. Mafunzo ni dakika 5, basi. Mara tatu nne za amri moja, nyama kidogo, mnaachana angali ana hamu. Ukirudia mara ya kumi amekwishahama kimawazo. Ukimpiga, hasahau, na kazi ya miezi inaharibika siku hiyo.

Historia yake ya Ulaya ni fupi, na ndiyo iliyozaa tatizo la pili, la nywele. Mwaka 1907 Kapteni John Barff alimpeleka Uingereza dume aliyeitwa Zardin. Alishinda kwenye maonyesho ya Crystal Palace, na Malkia Alexandra akaagiza aletewe amwone. Miaka ya 1920 yakafika makundi mawili tofauti: la familia ya Bell Murray, mbwa wa nyanda za chini, wepesi, wenye nywele chache, na la Mary Amps, aliyekuwa akiwazalisha Kabul chini ya jina la Ghazni, mbwa wa milimani, waliojaa zaidi na wenye nywele nyingi. Wale wa Ghazni walifika mwaka 1925. Damu hizo mbili zikachanganywa, na jukwaa la maonyesho likapenda nywele. Kizazi baada ya kizazi zikarefuka hadi kufikia hizi mnazoziona pichani.  

Sasa anayezitaka nywele hizo azijue. Ni laini kama hariri, hazina mafuta mengi, na zinajifunga mafundo bila kuonekana. Juu unaona zinateleza, chini kwenye ngozi pamekuwa zulia. Mahali pa kuangalia ni nyuma ya masikio, kwapani, ndani ya viwiko, kinenani na katikati ya vidole. Kipindi kibaya ni kati ya miezi 10 na 18 hivi, nywele za utoto zinapokatika na kunasa kwenye za ukubwani. Hapo fundo la asubuhi linaweza kuwa gumu ifikapo jioni, na wengi hushindwa hapohapo. Ule mgongo wenye nywele fupi pia huja wenyewe anapokomaa, msiupitishie mashine.

Usichane nywele kavu wala chafu, zinakatika. Changanya kondishena kidogo na maji kwenye chupa ya kupulizia, lowesha kidogo, kisha fungua mafundo kwa vidole kabla ya brashi. Fundo likilowa maji ya kuoga bado limefungwa, linakaza kama kamba na mkasi ndio unaobaki. Mlaze ubavu. Inua nywele zote juu kwa kiganja, achia tabaka moja jembamba mpaka uuone mstari wa ngozi, pitisha brashi ya pini ndefu, shusha tabaka linalofuata. Anza miguuni, panda kwenda juu. Anayepitisha brashi juujuu tu anajidanganya, maana mafundo yako kwenye mizizi.

Kuoga ni kila wiki au siku 10. Shampuu izimuliwe kwa maji mara kadhaa, imiminwe na kuteremshwa kwa kiganja kufuata nywele zinavyolala. Ukisugua kwa duara umetengeneza mafundo mapya. Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, halafu urudie kusuuza, kwa sababu sabuni iliyobaki ndiyo inayowasha ngozi. Kondishena, suuza tena, kamua kwa taulo bila kusugua, kisha draya ya moto mdogo huku brashi inafuata upepo. Saa mbili hadi tatu kwa mbwa mzima. Kwa anayeishi kwenye joto la unyevu, kama Mombasa au Dar, akaushe mpaka kwenye ngozi kabisa, ama sivyo vidonda vinaanza chini ya nywele na kupe wanajificha humo usiwaone. Wakati wa kula mvishe kitambaa cha mfuko kinachobana masikio kichwani, yasidondokee kwenye bakuli. Masikio yakilowa mchuzi, mbwa atayatafuna mwenyewe.

Kama huna saa hizo, kata. Sentimita 2 au 3 mwili mzima, na mbwa anakimbia vilevile. Sioni aibu yoyote hapo, aibu ni kumwacha na zulia linalovuta ngozi kila anapopiga hatua.

Kwa daktari wa mifugo kuna jambo la kusema kabla ya nusu kaputi: huyu ni mbwa wa mbio, mwili wake una mafuta machache, na dawa za jamii ya thiopentali humkalia muda mrefu kuliko mbwa wengine. Siku hizi zipo dawa nyingine, na daktari akikumbushwa mapema atachagua. Majirani nao watasema unamnyima chakula. Ile mifupa ya nyonga huonekana hata akiwa na afya kamili, hivyo papasa mbavu: zikihisika chini ya tabaka jembamba, yuko sawa. Dume ni kilo 27 hivi, jike 23. Chakula mara mbili kwa siku, na asikimbie mara baada ya kula, tumbo lisije likajaa hewa na kujipinda. Kijana wa chini ya mwaka mmoja akianza kulegea miguu ya nyuma, au mbwa yeyote akihema kwa shida bila sababu, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu ukoo huu una ugonjwa wa kurithi wa uti wa mgongo na una tabia ya kujaa maji kifuani.

Ukiamua kununua, muulize mzalishaji vipimo vya macho na vya tezi ya shingo vya wazazi wote wawili, kisha omba umwone mama. Akikutazama mara moja, akakupita na kwenda kulala, usikasirike, ndivyo walivyo, na akikuzoea atakuja mwenyewe. Akijificha nyuma ya kochi anatetemeka, hiyo si haiba ya tazi, ni woga, na watoto wake usiwachukue.