Mna Mtu!

Kabla hujanicheka, nenda kasimame wewe mbele ya milango miwili, mmoja umeandikwa FIR na mwingine MNÁ, huku umebana haja ya saa nzima, halafu uje uniambie ungeingia wapi.

Dada yangu mdogo ni muuguzi Tralee, kusini-magharibi mwa Ireland. Mama na mimi tulimtembelea kutoka Tanga, naye kwa kutaka kumfurahisha Mama akakodi gari na dereva wake, siku nzima, atuzungushe Slea Head, kule kwenye ncha ya rasi ya Dingle. Basi la watalii hakulitaka. Gari letu wenyewe, tunasimama tunapotaka. Hilo la "tunasimama tunapotaka" lishike, maana ndilo lililoniponza.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama alitia chai ya tangawizi kwenye chupa mbili, na kila gari likipiga kona ananinyooshea kikombe kutoka kiti cha nyuma: "Kunywa mwanangu, upate joto." Kutoka Tralee hadi Dingle ni karibu kilometa 50. Nilikunywa vikombe vinne. Mtoto wa Tanga hamkatalii mama yake chai.

Dereva alikuwa mzee wa huko huko, mashavu mekundu, na Kiingereza chake kilikwenda kama ngalawa iliyopata kusi. Katika maneno matano mimi nadaka moja. Mama, ambaye Kiingereza hakijui kabisa, alielewana naye kuliko sisi sote. Mzee akisimulia, Mama anaitikia: "Enhe! Ikawaje?" Mzee anaendelea.

Njia ile ya Slea Head magari hushauriwa kuizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hasa kwa ajili ya mabasi makubwa, kwani ni nyembamba na mawili yakikutana uso kwa uso itabidi mmoja arudi kinyumenyume juu ya jabali. Na Ireland wanapita kushoto kama sisi. Kwa hiyo mimi niliyekaa mbele, kushoto, nilikuwa na Atlantiki chini ya kiwiko.

Huko wenyeji bado wanaongea Kiayalandi na vibao vingi vimeandikwa lugha hiyo peke yake. Hapo ndipo chai ilipoanza kunibisha hodi. Nikajikaza. Tukafika mahali kijito kinateremka kutoka mlimani na kukatiza juu ya barabara yenyewe. Dereva akapunguza mwendo ili tusikie maji yanavyochuruzika. Akateremsha na kioo. Sijamsamehe mpaka leo.

Mara, mbele yetu, kwenye lami, maandishi meupe marefu: GO MALL.

Alhamdulillahi! Nikamgeukia mzee: "Twende huko mall, mall hakukosi choo." Akanitazama. Akatazama kondoo waliokuwa mlimani. Akaegesha gari pembeni, akalaza kipaji chake juu ya usukani, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani nimemkumbusha msiba. Kumbe "go mall" kwa lugha yao ni "polepole". Mall ya karibu kwa upande ule tuliokuwa tukielekea iko Marekani.

Mwenye akili angesema hapo hapo, "Mzee, ngoja nishuke." Lakini nishukie wapi? Hakuna mti, hakuna kichaka, ni nyasi fupi, kondoo, na Mama yangu mzazi amekaa nyuma anatazama mandhari. Nikakunja miguu.

Tuliposimama kutazama visiwa vya Blasket, mzee alipandwa na hisia. Kile kikubwa, alisema, kilihamwa mwaka 1953. Vijana walikuwa wameondoka, wakabaki watu wachache mno, wengi wazee, na bahari ikichafuka hakuna daktari wala mkate. Dada akamtafsiria Mama. Mama akauliza vijana walikwenda wapi. Amerika, akajibiwa. Mama akamwangalia dada yangu kwa muda, asiseme kitu, akamfunga vizuri skafu shingoni.

Kisha mzee akanionyesha kisiwa kingine, umbo lake kama mtu aliyelala chali. Kinaitwa An Fear Marbh, maiti ya mwanamume. Na huyu mzee, Mungu amlipe, alinifundisha polepole kama mwalimu wa chekechea: "fear" ni mwanamume, wakiwa wengi ni "fir". Akarudia mara mbili! Mimi nilikuwa nahesabu kondoo ili nisiwaze maji. Nilikuwa nimefika thelathini na saba.

Mkahawa ulipotokea, gari halijasimama sawasawa mimi nimeshashuka. Nikakuta ile milango. FIR nikaona ni "female", wamekata tu neno kuokoa rangi. Nao mlango wa pili ulinisemesha kwa lugha ya mama yangu: MNA. Mna nini? Mna nafasi, mna choo, mna faraja. Kile kistari juu ya A nikakichukulia ni kazi ya nzi. Nikaingia mbio.

Sitasimulia ile raha. Ila niliposhika komeo nitoke, nikasikia viatu. Vingi. Na sauti, zote za kike. Basi zima la akina mama watu wazima lilikuwa limeshusha. Nikarudi kukaa. Nikapandisha miguu. Nikasoma dua ya safari, kwani ya chooni nilikuwa nimeshaipitwa.

Mlango ukagongwa. Ulimi ukanitoka kabla ya akili: "Mna mtu!"

Kimya. Halafu mmoja akauliza kwa mashaka, "Mná?"

"Mna mtu!" nikakazia, kwa sauti yangu ya kuadhinia.

Kicheko kilicholipuka hapo kilitikisa vioo. Baadaye nilielezwa kwamba "mná" ni wanawake, na "tú" ni wewe. Yaani mimi, nikiwa juu ya choo chao, kwa besi, nilikuwa nawajulisha: "Wanawake, wewe!"

Ndipo nikasikia hatua ninazozijua tangu utotoni, na ndala zinazoburuta. Chini ya mlango zikasimama. "Sauti hii naijua," akasema Mama. "Na hivyo viatu nilikununulia mimi, barabara ya kumi na mbili. Teremsha miguu, nimeshaviona."

"Mama, nifanyeje?"

Akavuta pumzi kama anayehesabu watoto aliojaaliwa na kumkuta mmoja amezidi. Kanga ikapita chini ya mlango. Nikaikunjua kwa mikono inayotetemeka, nikasoma jina lake: AIBU YA MAITI AIJUAE MWOSHA.

Nilitoka nimejitanda gubigubi, ndevu ndani, viatu namba 44 nje. Mama mbele, ananishika mkono na kuwaamkia wote, "Hamjambo, hamjambo." Wale akina mama wakajipanga pande mbili kama wanaopokea bibi harusi. Mmoja akapiga makofi. Mwingine akaniambia, kwa upole wa kweli, kwamba rangi ile imenikaa.

Dereva alikuwa kwenye gari. Aliniona, hakucheka hata kidogo. Alizunguka, akanifungulia mlango wa nyuma, akainama, akaniita bibi. Mama akakaa mbele na chupa ya chai. Hatujafika Dingle, habari zilikuwa zimeshafika Tanga kwa simu, na mwandishi wake alikuwa dada yangu.

Siku hizi nikifika kwa shangazi Ngamiani nikapiga hodi, sikaribishwi. Nyumba nzima, hadi watoto, hujibu kutoka ndani: "Mna mtu!"