Ukuta Usio na Madirisha

Kuna ghala moja la matofali ambalo kila mpenzi wa usanifu wa mashambani Uingereza hulitaja: lile la Holkham, Norfolk, lililochorwa na Samuel Wyatt mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya tajiri Thomas Coke. Hilo halina shida. Limeorodheshwa, yaani limo katika orodha rasmi ya majengo ya kihistoria, linalindwa, na wageni hulipiga picha. Ubishi, kama yageuzwe nyumba za kuishi au yaachwe, uko kwa ndugu zake wasio na jina, yale maghala ya kawaida yanayosimama nyuma ya nyumba za wakulima, vigae vikiteleza kimoja kimoja.

Ukitaka kulielewa ghala la namna hii, anza na kazi yake. Milango miwili mikubwa inatazamana katikati ya kuta ndefu, kwa kuwa gari la farasi liliingia na miganda ya ngano huku na kutokea kule. Baina ya milango ndipo nafaka ilipopurwa kwa fimbo wakati wa baridi, kisha ikapepetwa, upepo wa milango ukiondoka na makapi. Madirisha hayakuhitajika. Kuna matundu tu: fundi aliruka tofali hapa na pale ili mavuno yapate hewa, na huko Staffordshire mafundi waliyapanga kwa maumbo ya kupendeza ajabu, kana kwamba wanatarizi kofia. Karibu na kilele cha paa kuna tundu la bundi, maana panya hawakukosekana.

Mashine ya kupura aliyoibuni Mskoti Andrew Meikle mwaka 1786 ndiyo iliyoanza kuyanyima maghala haya kazi. Vibarua waliliona hilo mapema. Mwaka 1830, kusini mwa England, walizivunja mashine hizo. Hazikukoma.

Leo swali ni kama majengo haya yageuzwe makazi. Tangu 2014 sheria ya England inaruhusu majengo mengi ya shamba kugeuzwa nyumba bila maombi kamili ya kibali, na mwaka 2024 kikomo kilipandishwa hadi nyumba 10 kwa shamba. Yaliyoorodheshwa hayamo katika ruhusa hiyo.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Paa lisilo na mwenyewe halidumu: maji yakishaingia juu ya ukuta, kenchi zinaoza, na mkulima hana sababu ya kumwaga fedha kwenye jengo lisilomwingizia hata senti. Vijijini nako nyumba ni adimu.

Wanaopinga wanasema nyumba inataka vyumba, bafu na mwanga. Ukishatoboa madirisha manane na kuweka ghorofa ndani, kilichobaki ni matofali ya zamani tu, ghala limekwenda. Hapo nakubaliana nao, kwani ule ukuta mtupu na ule uwazi mpaka kwenye kenchi ndio usanifu wenyewe. Ila dawa yao, yaani kuliacha kama lilivyo, ni kulibomoa polepole.

Kuna kosa jingine ambalo pande zote hulifanya: saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, inayoruhusu unyevu utoke. Ukiziba viungo kwa saruji, maji yanakwama ndani ya tofali, baridi inayagandisha, uso wa tofali unabanduka. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanakijua kisa hiki hata bila barafu.

Mimi ningependelea karakana au ukumbi wa kijiji, matumizi yasiyodai kuta za kugawa. Ikibidi iwe nyumba, mlango mkubwa ndio uwe dirisha, kioo kizima kutoka chini hadi juu, na sehemu ya kupuria iachwe wazi hadi kwenye paa. Matundu yazibwe kwa kioo upande wa ndani, usiku taa zimulike zile pambo za Staffordshire kutoka ndani. Bundi naye aachiwe tundu lake.