Picha ya daraja usiku haipigwi usiku

Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya daraja, kaacha shata (kile kifuniko cha kupitisha mwanga kwenye kamera) wazi sekunde 30, anaomba nimwambie programu gani ataitumia ipendeze. Nikaizumu hadi kwenye taa moja juu ya nguzo. Taa yenyewe haikuwepo, palikuwa na doa jeupe limetanda mpaka likameza nyaya za daraja, na chini majini mwanga wake umekuwa mstari mweupe mtupu, hauna rangi hata chembe. Anga nyeusi tii. Iliniuma, maana alikaa na baridi masaa mawili kwa ajili ya picha ile, na ushauri wote aliokuwa ameshapewa ulikuwa wa kuediti tu, vuta hiki punguza kile.

Jamani, kilichoungua kikawa cheupe hakirudi! Sensa, ile inayopokea mwanga ndani ya kamera, ikijaa imejaa, hata uwe umepiga RAW (faili ghafi la kamera) pale hamna kitu cha kuvuta. Ndo maana kila siku nabishana na watu kwamba picha hii inapigwa jua likishazama na giza halijashika, zile dakika chache anga lina bluu iliyokolea na taa za daraja zimeshawaka. Muda huo mwanga wa angani na wa taa unakaribiana, kwa hiyo sekunde zinazotosha kuonyesha mawingu na maji haziunguzi taa. Ukichelewa umeisha, ukiongeza muda nguzo zionekane unaunguza taa, ukipunguza unabaki na taa zinaelea gizani daraja halipo. Na ukiwa karibu na ikweta ndo usichelewe kabisa, jua huko linashuka wima, kama nusu saa hivi giza limeshaingia.

Kwa hiyo fika jua bado lipo. Simamisha tripodi, tafuta fokasi ukiwa bado unaona vizuri kisha iweke manyuo, yaani kamera isijirekebishe yenyewe, na usiiguse tena. Anza na f/8 (tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), ISO 100 (sensa isiwe nyepesi sana kwa mwanga), na kila anga linavyofifia ongeza muda, sekunde 4, 8, 15, huku unaangalia histogramu, ile grafu ya mwanga inayoonyesha kama kuna kilichoungua. Skrini usiiamini, gizani inang'aa kiasi kwamba hata picha hafifu utaiona safi.

Hizi sekunde 30 sijui nani kazifanya sheria. Watu wanazing'ang'ania eti maji yawe laini, wakati viwimbi vidogo sekunde 8 au 10 tu vinatosha kuvilaza. Sawa, maji yakiwa na fujo utahitaji zaidi, hilo nakubali. Ila kufunga lenzi mpaka f/22 ili upate muda mrefu hapana, picha inapoteza ukali, bora filta ya kupunguza mwanga.

Na usisimame juu ya daraja lenyewe. Nilipoteza jioni nzima hivyo, kila lori likipita sakafu inatetemeka, na kwa macho huoni kitu mpaka ufike nyumbani uzumu ukute kila ukingo umekuwa miwili. Shuka ukingoni mwa maji, ardhi ngumu, tumia rimoti au taima ya sekunde 2, zima ile ya kutuliza mtikisiko, na mkanda wa kamera uuvue maana upepo unaupeperusha na kamera nayo inatikisika.

Kuediti kuna kazi yake, nakubali shingo upande. Ile njano nzito ya taa za sodiamu RAW inasaidia kuirekebisha, na kama ulipiga mbili bila kusogeza tripodi, fupi ya taa na ndefu ya maji, unaweza kuziunganisha. Lakini hata hizo mbili lazima uwe umezipiga palepale.

Rafiki yangu anataka kurudi kesho. Nimemwambia tunaenda wote, na tuwe tumeshafunga kamera kwenye tripodi kabla taa ya kwanza haijawaka.